Kisanduku cha ovafloo bila kutoboa kioo: je, kitahimili umeme unaokatika na kurudi?

Perege (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, vipimo vya ndani, yaani lita 300 likijazwa pomoni. Lilitengenezwa na fundi vioo wa mtaani kwetu Tabata kwa kioo cha milimita 10. Wamo Tropheus duboisi 18 wa Ziwa Tanganyika, ambao wengi wenu mnawajua kwa madoa meupe juu ya mwili mweusi wanayokuwa nayo wakiwa wadogo. Samaki hawa huparuza mwani kutwa nzima na kuchafua maji kwa bidii hiyohiyo, na chujio la kutundika nyuma ya tangi limeelemewa. Nimeamua kuweka sampu, yaani tangi dogo la kuchujia maji, chini ya tangi hili, na vioo vyake nimeshavikata: 75 kwa 35 kwa kimo cha 40.

Tatizo ni namna ya kuyateremsha maji. Tangi halikutobolewa lilipotengenezwa, na sasa lina wakazi. Visanduku vya ovafloo, yaani vya kupokea maji yanayofurika na kuyateremsha, vile vya kutundika ukingoni, vinauzwa nje ya nchi, lakini nilipojumlisha bei, usafiri na ushuru niliona kwamba fedha hizo zinanunua tangi jingine. Kariakoo nimezunguka siku nzima bila kukuta hata kimoja. Muuzaji mmoja alinionyesha ovafloo ya sinki la kunawia mikono, nami nikamshukuru kwa nia yake njema.

Kwa hiyo nataka kukitengeneza mwenyewe. Nimechora kisanduku kimoja ndani ya tangi, kingine nje, na mrija wa U uliopinduliwa unaovuka ukingo wa kioo na kuviunganisha kwa saifoni, yaani maji kujivuta yenyewe kupita juu ya ukingo kwa mrija uliojaa. Pampu ya kurudisha maji juu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Hofu yangu ni kwamba hapa kwetu umeme hukatika mara mbili au tatu kwa wiki, pengine saa tano mfululizo, na hupenda kurudi usiku wa manane. Je, saifoni itaamka yenyewe umeme ukirudi, au nitaamka mimi kwa mlio wa maji sebuleni?

Kolekole

Ndugu Perege, mchoro wako ni sahihi kimsingi. Kuhusu swali lako, saifoni iliyotengenezwa vizuri haipaswi kulala kabisa, kwa hiyo haihitaji kuamka.

Bila shaka umewahi kuwaona mafundi ujenzi wakipima usawa wa msingi kwa mpira mwangavu uliojaa maji. Ncha moja hushikwa kona hii na nyingine kona ile, na maji hujipanga sawa pande zote mbili, hata kama mpira umepita juu ya tofali au ndani ya shimo katikati ya safari. Mrija wako wa U ni mpira huohuo, mradi ncha zote mbili zimezama na hakuna hewa tumboni mwake.

Sasa tazama kinachotokea. Pampu ikiwa kazini, maji ya tangi hupanda, huvuka ukingo wa kisanduku cha ndani na kuporomokea humo, kisha huvuka kwa mrija kwenda kisanduku cha nje. Kisanduku cha nje kigawanywe vyumba viwili kwa kizuizi cha kioo: chumba cha kwanza kinapokea mrija, na maji yakijaa yanavuka kizuizi na kuangukia chumba cha pili, chenye bomba la kwenda kwenye sampu. Umeme ukikatika, maji ya tangi hushuka hadi usawa wa ukingo na kukoma, na ya visanduku hushuka hadi kilele cha kizuizi na kukoma. Ncha za mrija, kama umezikata kwa urefu unaostahili, hubaki zimezama, na mrija hubaki umejaa ukisubiri.

Kazi yote imo katika vimo vitatu. Ukingo wa kisanduku cha ndani ndio wa juu kabisa. Kilele cha kizuizi kiwe chini ya ukingo huo, na mimi ningeweka sentimita 12, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayoyasukuma maji kupita kwenye mrija. Ncha za mrija ziwe chini ya kilele cha kizuizi kwa sentimita 5 au 6. Ukikosea kimo cha tatu, saifoni itakatika siku ya kwanza.

Jambo jingine: pampu ya lita 3,000 haitoi lita 3,000 ikishayapandisha maji zaidi ya mita moja. Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Iache chini itakapokaa, nyanyua mdomo wa bomba hadi usawa wa tangi, uelekeze kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 36, una lita 2,000 kwa saa.

Sangara

Nitaonekana mkorofi, lakini afadhali nilisemee mapema kuliko baada ya zulia kulowa: toboa kioo. Saifoni ya aina yoyote inaitegemea hewa isiingie, na hewa haina adabu. Tundu halitegemei chochote. Maji yakifika hapo yatashuka, umeme uwepo au usiwepo.

Watu wanaogopa kutoboa kwa kuwa wamesikia habari za kioo kilichopasuka vipande elfu. Kinachopasuka hivyo ni kioo kilichoimarishwa kwa joto, na hicho hakikatiki wala kutoboleka baada ya kuimarishwa. Kama fundi wako alikikata kioo mbele ya macho yako, mezani, kwa kalamu yake ya kukatia, basi ni kioo cha kawaida na kinatoboleka. Unahitaji kekee ya umeme yenye mwendo wa kupunguzwa, kikombe cha kutobolea chenye unga wa almasi kwenye mdomo, na uzio mdogo wa udongo wa mfinyanzi kuzunguka alama ili maji yakae hapo na kupooza kioo muda wote. Hukandamizi, uzito wa kekee yenyewe unatosha. Ukikaribia kutokeza upande wa pili, unapunguza hata huo. Tundu likae mbali na ukingo wa kioo kwa umbali usiopungua kipenyo chake.

Konekta ni ileile inayofungwa kwenye matangi ya maji ya juu ya nyumba, na kila duka la vifaa vya ujenzi linayo. Ila inunue kwanza na kuipima kabla ya kutafuta kikombe, kwa maana "inchi moja" ni jina tu: uzi wa inchi moja una kipenyo cha nje cha milimita 33 na nukta, na konekta nyingine za plastiki ni nene zaidi ya hapo. Chukua ya plastiki. Ya shaba nyeupe au nyekundu ina madini ambayo konokono na kamba hawayavumilii.

Perege

Mkuu Sangara, hoja yako ni nzito na siipingi. Ugumu wangu ni kwamba sina tangi la pili la kuwahifadhi hawa 18 hata kwa siku mbili. Wanaoifuga jamii hii wanajua kwamba ukilivuruga kundi na kulirudisha, ugomvi wa kugombea cheo huanza upya, na wanyonge hufa. Kutoboa nikiwa nimepunguza maji nusu nako naogopa, kwa sababu unga wa kioo hauna pa kwenda isipokuwa majini. Tangi lijalo nitalitoboa kabla halijaunganishwa. Hili la sasa nataka lipate kisanduku.

Pampu nimeipima kwa ndoo kama Kolekole alivyoelekeza. Ndoo ya lita 20 imejaa kwa sekunde 36 kamili, kana kwamba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kibua

Nawasalimu kutoka Mombasa, ambako nafuga samaki wa maji chumvi na nimeshapiga deki la maji chumvi mara mbili, kazi ambayo simtakii mtu. Wenzangu wameeleza kisanduku. Mimi nataka tuhesabu maji, kwa kuwa mafuriko ya sebuleni ni ya namna mbili na kila moja ina dawa yake.

Namna ya kwanza hutokea umeme *unapokatika*. Kila sentimita moja ya kimo katika tangi lako ni 120 × 50, yaani lita 6. Katika sampu yako ni 75 × 35, yaani lita 2.6 hivi. Ukiiendesha sampu ikiwa na maji ya kimo cha sentimita 25, zinabaki sentimita 15 tupu, kama lita 39. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyo nayo kupokea maji yatakayoteremka pampu ikisimama.

Yatateremka kiasi gani? Kupitia kisanduku yatashuka yale yaliyo juu ya ukingo tu. Kwa lita 2,000 kwa saa zikivuka ukingo mtupu wa sentimita 25, maji husimama juu ya ukingo kama sentimita 1.1. Ukiweka meno ya kuzuia samaki yanayoziba nusu ya njia, maji hupanda hadi sentimita 1.8 hivi. Chukua 1.8: mara 6 ni kama lita 11. Hizo sampu inazimeza bila kukohoa.

Lakini wengi husahau bomba la kurudishia maji. Pampu ikisimama, bomba hilo nalo hugeuka saifoni na kuyanyonya maji ya tangi kurudi chini mpaka mdomo wake uvute hewa. Ukiuzamisha mdomo sentimita 10 ili mkondo upendeze, utateremsha lita 60 kwenye nafasi ya lita 39, na lita 21 zitasalimiana na miguu yako. Mdomo uwe karibu kabisa na uso wa maji, na juu yake, chini kidogo ya uso, toboa kitundu cha milimita 3 au 4 cha kuvuta hewa. Kitundu hicho huziba kwa mwani na konokono wadogo, kwa hiyo kisugue kila unapobadilisha maji. Ile valvu ya kuzuia maji kurudi, msiitegemee. Kipande kimoja cha uchafu kikinasa kwenye ulimi wake, haifungi tena.

Namna ya pili hutokea umeme *unaporudi* na saifoni imekatika, au jani limeziba mrija. Hapo pampu inapandisha na hakuna kinachoshuka. Wengi hudhani kwamba sampu nzima itahamia juu, na sivyo: pampu itapandisha kilichomo katika chumba chake tu, mpaka ivute hewa. Basi hesabu nafasi iliyobaki juu ya tangi. Kama uso wa maji, pampu ikiwa kazini, uko sentimita 3 chini ya mdomo wa tangi, una nafasi ya lita 18. Chumba cha pampu kisishike zaidi ya hapo, ukihesabu kutoka usawa wa kawaida hadi pale pampu inapovutia. Ukilitimiza hilo, saifoni ikatike itakavyo: tangi litajaa hadi mdomoni na pampu itakohoa hewa, lakini sakafu itabaki kavu.

Mimi husema kwamba kisanduku hakijakamilika mpaka umekifanyia majaribio mawili ukiwa macho na taulo mkononi: chomoa plagi, kisha iache pampu ikifanya kazi huku umeziba mrija kwa kiganja.

Mkunga

Naomba kuuliza, mbona kila mtu anasema kioo? Mafundi wa mabango wanauza vipande vya pespeksi, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, kwa bei ya chini, na hukatika kwa msumeno wa kawaida.

Kolekole

Dada Mkunga, pespeksi inafaa sana ukiiunganisha kwa gundi yake ya majimaji inayoyeyusha kingo na kuzishikamanisha, na mafundi haohao wa mabango wanayo. Kinachowaponza watu ni kuiunganisha kwa silikoni. Silikoni hushika kioo kwa nguvu za ajabu, lakini kwenye pespeksi hubanduka kama gamba baada ya miezi michache. Ndugu Perege anaijua silikoni na hana ile gundi, kwa hiyo kwake kioo ni salama zaidi.

Perege, vipimo ningeweka hivi. Kisanduku cha ndani kiwe na urefu wa sentimita 25 kufuata kioo cha nyuma, upana 8, na kina kinachotosha ncha ya mrija kuning'inia bila kugusa sakafu. Kwa vimo nilivyotaja, hicho ni kama 22 kutoka ukingo. Kioo cha milimita 5 kinatosha. Mwambie fundi asage kingo zote, kwa sababu Tropheus wakikimbizana hujikwaruza popote. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Tyubu zilizoandikwa za bafuni au jikoni mara nyingi zina dawa hiyo, na samaki hawaipendi. Subiri mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Mimi husubiri wiki.

Meno usijaribu kuyakata kwenye kioo. Nunua machanuo mawili ya plastiki, yale ya nywele ndefu, uyakate mipini na kuyabana ukingoni, meno yakitazama juu. Nimefanya hivyo kwenye matangi matatu, na mke wangu hajui bado machanuo yake yalikwenda wapi.

Kuhusu mrija, tumia mmoja wa kipenyo cha ndani kati ya milimita 25 na 28, usitumie miwili. Najua miwili inaonekana salama zaidi, lakini mkondo ukigawanyika hupungua mwendo, na maji yanayokwenda polepole huacha viputo vikusanyike kwenye mgongo wa U mpaka vinakuwa mfuko wa hewa. Lita 2,000 kwa saa katika mrija mmoja wa milimita 25 hukimbia zaidi kidogo ya mita moja kwa sekunde. Kiputo hakipati pa kukaa. Uwe mwangavu, ili uone kinachoendelea ndani. Kuanzisha saifoni, chomeka mpira mwembamba hadi kileleni mwa U na unyonye hewa kwa mdomo, kama wanavyofanya wanaohamisha mafuta kutoka dumu hadi dumu, ila hapa ukimeza utameza maji ya samaki tu.

Perege

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano, na nina habari nzuri na nyingine ya aibu.

Kisanduku nilikijenga kwa vipimo vya Kolekole, machanuo yakiwemo. Chumba cha pampu nilikitenga kwa hesabu ya Kibua: urefu 20, upana 35, maji juu ya mahali pa kuvutia sentimita 23, jumla lita 16, na nafasi juu ya tangi lita 18. Nilichomoa plagi mara sita mchana wa kwanza, dakika kumi kila mara, na kila niliporudisha umeme maji yalivuka mrija papo hapo bila kiputo. Nilijisifu mbele ya watoto.

Usiku wa nne umeme ulikatika kweli, ukarudi baada ya saa tano. Asubuhi nilikuta pampu ikiunguruma kwa sauti kavu, tangi limejaa mpaka mdomoni, mrija wa U umejaa hewa, na zulia limelowa kwenye kona ya kushoto. Maji yaliyomwagika hayakuzidi lita moja, na samaki wote wazima, lakini nilikaa chini nikajiuliza kosa liko wapi, kwa kuwa majaribio sita yalikuwa yamefaulu.

Niligundua makosa mawili. La kwanza: kizuizi cha kisanduku cha nje kilikuwa na kijitundu kwenye mstari wa silikoni, upande wa chini, kisichoonekana kwa macho. Nilipojaza chumba cha kwanza na kuangalia kwa tochi, niliona matone yakipita upande wa pili, kama mawili kwa sekunde. Kwa dakika kumi hiyo ni robo ya kikombe na hakuna kinachobadilika. Kwa saa tano ni karibu lita mbili, na hizo ndizo zilizokuwa zikizizamisha ncha za mrija. Maji yalipita kimyakimya hadi kwenye sampu, ncha ikabaki hewani, mrija ukamwaga kila kilichomo. Nilikuwa nimejaribu kukatika kwa umeme kwa dakika kumi katika mtaa ambao umeme hukatika kwa saa tano.

La pili: Kibua aliniambia nafasi ni lita 18, nami nilipima zile sentimita 3 katikati ya tangi. Sakafu yangu ina mteremko. Nilipoweka levo juu ya tangi, upande wa kushoto uko chini ya ule wa kulia kwa sentimita moja kamili, kwa hiyo kona ya kushoto ina sentimita 2.5 tu, na tangi huanza kumwaga likipokea lita 15. Pampu ilipandisha 16. Ile lita moja iliyobaki iliingia kwenye zulia kwa uaminifu wa hesabu.

Sangara

Pole sana, mkuu. Sitasema "nilikuambia", ijapokuwa nimeshalisema.

Kwa faida ya wengine watakaoanza upya, niongeze kwamba hata tundu linataka akili. Tundu moja likizibwa na konokono, mafuriko ni yaleyale. Kwenye tangi langu nilitoboa mawili kwa mtindo wanaouita Herbie: bomba la kwanza linajaa maji matupu bila hewa, na geti valvu iliyo chini karibu na sampu inalibana mpaka maji yanayoshuka yalingane na yale pampu inayopandisha, la pili limesimama juu kidogo, kavu, likisubiri la kwanza lizidiwe. Halina kelele hata kidogo. Geti valvu, ile inayofungwa polepole kwa kuzungushwa mara nyingi, si bolvalvu, ya mpini wa robo mzunguko, kwa maana bolvalvu ukiigusa nywele moja imeshabadilisha kila kitu. Wapo wanaotumia matundu matatu, mtindo wa BeanAnimal, na hao wanalala usingizi kuliko mimi.

Mkunga

Je, ile frijigadi tunayochomekea friji haiwezi kusaidia? Inachelewesha umeme dakika chache unaporudi.

Kibua

Dada yangu, frijigadi inaikinga pampu dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo, na kwa hilo pekee inastahili kuwepo. Saifoni iliyokatika haiiponyi: utakuwa umeahirisha mafuriko kwa dakika tatu.

Kinachofaa ni swichi ya boya katika chumba cha pampu, inayozima umeme wa pampu maji yakishuka kupita alama. Si lile boya kubwa la matangi ya juu ya nyumba, kwa kuwa linahitaji nafasi ya kuning'inia na kuzunguka ambayo sampu haina. Ziko swichi ndogo za kusimama wima, zenye boya la ukubwa wa kifuniko cha chupa, lakini hizo hubeba umeme mdogo tu, kwa hiyo fundi umeme akufungie na rilei, yaani swichi inayowasha na kuzima umeme mkubwa kwa amri ya umeme mdogo, nje ya sampu na juu ya usawa wa maji. Na kila waya unaoingia nyuma ya tangi ufanyiwe kitanzi kinachoning'inia chini ya soketi, ili tone likifuata waya liangukie sakafuni na si kwenye plagi.

Perege, hilo la mteremko limenifunza nami. Nimechukua levo nikapima tangi langu jioni hii. Milimita sita. Nimepunguza maji ya chumba cha pampu kabla ya kula.

Usijaribu kulinyanyua tangi lililojaa ili uchomeke vibao chini yake. Lita 300 ni kilo 300 kabla hujahesabu kioo na mawe, na kioo kilichobebwa na vibao viwili vya pembeni hupasuka katikati. Ishi na mteremko, ubadilishe hesabu.

Perege

Nimefuata ushauri wote isipokuwa kutoboa. Kizuizi nimekibandua, nikakwangua silikoni ya zamani mpaka kioo kikavu, kwa sababu mpya haishikani na ya zamani, nikapaka mstari pande zote mbili badala ya upande mmoja. Nilisubiri siku nane. Safari hii sikukijaribu kisanduku kwenye tangi: nilikiweka juu ya meza ya nje, chumba cha kwanza kimejaa, cha pili kikavu na karatasi ya chooni sakafuni mwake, nikakiacha kuanzia jioni hadi asubuhi. Karatasi ilikuwa kavu. Nikarudia usiku wa pili, na wa tatu, kwa kuwa sijiamini tena.

Maji ya chumba cha pampu nimeyapunguza kutoka lita 16 hadi 12, na nimechora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kioo cha sampu ili mtu yeyote atakayeongeza maji yaliyokauka asiuvuke. Kisha nilifanya jaribio la kiganja: nikaziba mrija, pampu ikapandisha mpaka ikakohoa, na kona ya kushoto ikabaki na nusu sentimita. Boya na rilei vinafungwa Jumamosi.

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku na kurudi saa tisa. Niliamshwa na feni, si maji. Nikachukua tochi na kwenda sebuleni miguu mitupu, makusudi, ili nyayo ziwe za kwanza kujua. Sakafu ilikuwa kavu. Maji yalikuwa yameshaanza kuvuka kati ya meno ya machanuo, duboisi wamejikusanya chini ya mdomo wa bomba wakidhani ni saa ya chakula, na kwenye mgongo wa mrija palikuwa na kiputo kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Nilisimama kukitazama mpaka mkondo ulipokichukua.